Kilatini Kiishie Dirisha la Dawa

Juu kabisa ya cheti cha dawa daktari huchora herufi R yenye mguu uliokatwa kwa mstari: Rx. Ni kifupi cha neno la Kilatini recipe, yaani "chukua", na anayeambiwa achukue ni mfamasia, si mgonjwa. Chini yake, kwa utaratibu wa zamani, hufuata Sig., kifupi cha signa: "andika lebo". Kwa hiyo tangu mwanzo cheti kilikuwa agizo la tabibu kwa mfamasia, na sehemu ya agizo hilo ilikuwa kumwandikia mgonjwa maelekezo kwa lugha yake. Ni sehemu hiyo ndiyo tumeiacha, na madhara yake ni makubwa kuliko tunavyokubali.

Vifupisho vyenyewe havina shida kwa aliyevisomea. O.d. ni omni die, kila siku. B.d. ni bis die, mara mbili kwa siku. T.d.s. ni ter die sumendum, ya kumezwa mara tatu kwa siku, na q.d.s. ni mara nne. Nesi wodini akiambiwa "stat", kutoka statim, anajua ni sasa hivi, dozi moja. Sina ugomvi na hayo. Ugomvi wangu unaanzia dirishani, t.d.s. inapogeuzwa kuwa "1x3" kwenye bahasha, kisha mgonjwa anaambiwa kwa haraka, "kimoja kutwa mara tatu," na mwenzake wa nyuma anaitwa.

Tulitazame hilo neno "kutwa". Kwa Kiswahili chetu, kutwa ni tangu jua lichomoze hadi litue. Usiku una neno lake, kucha. Mtu akiambiwa kutwa mara tatu, atameza saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 1 usiku, pamoja na milo. Ametii kila neno. Lakini kati ya dozi ya jioni na ya asubuhi zimepita saa 12. Kwa amoksilini hilo lina uzito, maana kwa mtu mwenye figo nzima nusu ya dawa iliyomo kwenye damu huondoka kwa takriban saa 1 tu, nayo hufanya kazi kwa kubaki juu ya kiwango fulani kwa muda wa kutosha, si kwa kupanda sana mara moja. Ndiyo maana dozi tatu hupangwa kila baada ya saa 8: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku.

Hapo tena pana mtego ambao ni wa Kiswahili peke yake. Wapo wanaoandika "kila saa 8". Msomaji wa kawaida ana haki ya kuelewa saa nane ya mchana na saa nane ya usiku, akameza mara mbili badala ya tatu, tena ya pili kwa kukatiza usingizi. Maneno "baada ya" yasirukwe kamwe. Na saa zenyewe zikitajwa, ni bora zaidi.

Mfano unaoniuma kuliko yote ni dawa ya mseto ya malaria, ALu. Mtu mzima wa kilo 35 na kuendelea humeza vidonge 4 mara sita, jumla 24 kwa siku tatu. Kwenye bahasha huandikwa "4x2", na mgonjwa aliyeanza saa 4 asubuhi anasubiri hadi saa 4 usiku. Dozi ya pili inatakiwa baada ya saa 8, yaani saa 12 jioni. Ya tatu ni saa 24 tangu ya kwanza, ndipo zinazobaki zinafuata kila baada ya saa 12. B.d. haina nafasi ya kueleza hayo. Wala haisemi kwamba dawa hii hufyonzwa vizuri ikimezwa na chakula chenye mafuta au maziwa. Akimeza kwa maji matupu, sehemu kubwa inaweza kupita bure.

A.c. na p.c., kabla na baada ya kula, nazo hupotea njiani. Kloksasilini, dawa ya kuua bakteria, inahitaji tumbo tupu, saa 1 kabla ya chakula au saa 2 baada yake. Metformini, dawa ya kisukari, inataka chakula ili isivuruge tumbo.

P.r.n., pro re nata, ni "inapohitajika". Parasetamoli ikiandikwa hivyo bila kikomo, mwenye maumivu makali ataongeza kila yanaporudi. Kwa mtu mzima lazima iandikwe: si zaidi ya vidonge 8 vya miligramu 500 ndani ya saa 24, pamoja na parasetamoli iliyofichwa kwenye dawa za mafua.

Hata wataalamu hukoseana. OD kwa daktari wa macho ni oculus dexter, jicho la kulia; kwa mwingine ni mara moja kwa siku. Q.d., yaani quaque die, kila siku, ikiandikwa vibaya husomeka q.i.d., mara nne kwa siku. Mwaka 2004 Joint Commission, taasisi inayokagua hospitali nchini Marekani, iliiweka q.d. kwenye orodha ya vifupisho vilivyopigwa marufuku. Methotrexate ya baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki. Ikimezwa kila siku inaweza kuua. Hiyo isiandikwe kifupisho chochote. Iandikwe jina la siku.

Najua foleni ni ndefu na mtoa dawa yuko peke yake. Lakini mihuri ya mpira yenye saa zilizokwisha kuandikwa inatosha kwa dawa nyingi za kila siku, na kwa zilizobaki kalamu haichukui nusu dakika. Bahasha ya amoksilini ingesomeka hivi: "Kapsuli 1 saa 12 asubuhi, 1 saa 8 mchana, 1 saa 4 usiku. Siku 5. Maliza zote hata ukipata nafuu. Ukitokwa na vipele au kuvimba uso, acha na urudi mara moja."