Nyumba Iliyosalia Karen, Nyumba Isiyokuwepo Muthaiga

Mgeni akifika Nairobi na kusema kwamba angependa kuona nyumba ya kihistoria, jibu la dereva wa teksi, la mhudumu wa hoteli na hata la mwenyeji wake mara nyingi huwa ni moja: nenda Karen. Huko, upande wa milima ya Ngong, ipo nyumba ya mawe yenye veranda na uwanja mpana wa nyasi, ambamo mwandishi wa Kidenmark, Karen Blixen, aliishi tangu mwaka 1917 hadi alipoondoka nchini mwaka 1931. Ni matembezi mazuri, na makala haya hayakusudii kumzuia mtu asiende. Linalohitaji kupimwa ni swali ambalo Wakenya wengi hutoka nalo langoni: imekuwaje nyumba ya mlowezi ndiyo ikawa nyumba ya kihistoria ya mji mkuu wa nchi ambayo watu wake walimwaga damu ili walowezi warudishe ardhi?

Kwanza tuitazame nyumba yenyewe. Ilijengwa mwaka 1912 na mhandisi wa Kiswidi, Åke Sjögren, kisha ikanunuliwa na familia ya Blixen pamoja na shamba la kahawa. Kahawa haikufaa pale, kwa kuwa mwinuko ulikuwa mkubwa na baridi ilikuwa kali kwa mibuni. Mwaka 1923 kiwanda cha kukoboa kikaungua, madeni yakaongezeka, na hatimaye shamba likauzwa kwa mnunuzi aliyelikatakata viwanja. Ndiyo asili ya mtaa wa kitajiri tunaouita Karen leo. (Kama mtaa ulipewa jina la mwandishi huyu au la binamu yake, binti wa mwenyekiti wa kampuni iliyomiliki shamba, ni ubishi ambao haujaisha.) Wakati wa uhuru, Denmark iliinunua nyumba ikaikabidhi Kenya kuwa zawadi, nayo kwa miaka mingi ikatumika kama sehemu ya chuo. Mwaka 1985 ikatoka filamu ya Marekani iliyosimulia maisha ya Blixen, na mwaka uliofuata Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yakaifungua nyumba kwa umma. Mpangilio wa miaka hiyo si wa kupuuzwa, kwa sababu umma wa Kenya haukuwa umeidai nyumba hiyo. Waliokuwa wakiiulizia ni watazamaji wa sinema.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Makumbusho ni kazi ya gharama: paa linavuja, mbao zinaliwa na mchwa, walinzi na waelekezi wanataka mishahara. Viingilio hutofautiana, Mkenya akilipa kidogo kuliko Mwafrika Mashariki mwenzake, na mgeni wa ng'ambo akilipa mara kadhaa zaidi ya wote wawili. Kwa hiyo nyumba inayovuta wageni wa mbali ni hazina kwa taasisi nzima, kwani fedha ya mtalii aliyekuja kutafuta sinema yaweza kusaidia kutunza mifupa ya kale, ngoma na mavazi katika makumbusho ambayo mtalii huyo hatayafikia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huo ni ukweli wa hesabu, na anayetaka nyumba ifungwe kwa ajili ya heshima ya taifa hana budi kusema pengo hilo litazibwa na nani.

Hoja yao ya pili ni kwamba kuhifadhi jengo si kumsifu aliyelijenga. Ngome ya Yesu kule Mombasa ilianzishwa na Wareno mwaka 1593, na hakuna anayemwona Mmombasa anayeitunza kuwa anawaombea Wareno warudi. Hoja hii inavutia, lakini mfano wenyewe unaipunguzia nguvu. Ngome ya Yesu husimulia watu wengi: Wareno waliopachora meli ukutani, Waomani walioitwaa mwaka 1698 baada ya mazingiwa ya karibu miaka mitatu, Waingereza walioigeuza gereza hadi mwaka 1958, na mji wa Waswahili uliokuwa ukitazama yote hayo kutoka nje ya kuta. Hakuna mmoja aliyeachiwa awe mwenye nyumba. Pale Karen mwenye nyumba ni mmoja tu, na kila chumba humrudia yeye: kitanda chake, vitabu vyake, meza yake ya chakula, mpenzi wake aliyekufa katika ajali ya ndege karibu na Voi na kuzikwa Ngong. Waafrika huingia katika simulizi hiyo kwa mlango wa jikoni, wakiwa mpishi Kamante na msimamizi wa nyumba Farah Aden, ambaye alikuwa Msomali.

Hapo ndipo wakosoaji wanapoanzia. Mwandishi wa Kenya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alimshambulia Blixen kwa miaka mingi, tena si kwa sababu alikuwa katili kuliko majirani zake, bali kwa sababu mapenzi yake kwa Waafrika yalifanana na mapenzi ya mtu kwa wanyama wake. Blixen mwenyewe aliandika kwamba aliyojifunza kwa wanyama wa porini yalimsaidia katika kushughulika na wenyeji. Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni maneno ya zama zake. Lakini shamba lilikuwa na utaratibu wake pia, nao haukuwa wa maneno. Wakikuyu walioishi juu ya ardhi ile waliitwa maskwota. Chini ya sheria ya mwaka 1918 ruhusa ya kukaa, kulima kipande na kufuga mifugo yao waliilipia kwa kumtumikia mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Neno hilo la skwota ni la ajabu ukilitafakari, kwa kuwa humfanya mtu aliyekuwepo kuwa mvamizi, na aliyekuja kwa meli kuwa mwenyeji.

Haki inadai lisemwe na la upande wa pili. Shamba lilipouzwa, Blixen aliwahangaikia maskwota wake kwa watawala wa kikoloni hadi wakapatiwa ardhi pamoja, upande wa Dagoretti, badala ya kutawanywa. Walowezi wengi hawakujisumbua kiasi hicho. Wanaomtetea hulitaja jambo hili kama ushahidi wa utu wake, na kwa kweli ni ushahidi. Ila ni ushahidi wa jambo jingine vilevile: kwamba jamii nzima ilihitaji mama wa Kidenmark aiombee mahali pa kulala katika nchi yake. Mwelekezi mzuri angeweza kuufanya mkasa huo mmoja uwe kiini cha ziara yote, na mgeni angetoka akiwa ameelewa ukoloni kuliko baada ya kusoma vitabu vitatu. Mitambo ya zamani ya kahawa bado imo uwanjani. Wageni wengi huipiga picha haraka wakielekea dukani.

Kero nyingine ni ndogo, lakini huniudhi kuliko nyingi. Baadhi ya vifaa vilivyomo vilitoka katika utengenezaji wa filamu ile, navyo vimekaa chini ya paa moja na vitu halisi vya enzi hizo. Msimamizi anaweza kujitetea kwamba nyumba tupu haisemi kitu, na kwamba mali nyingi za Blixen zilikwisha uzwa au kupelekwa Denmark. Sawa. Hata hivyo makumbusho hupewa imani ya mgeni kwa sharti moja, kwamba kitu kilichoko mbele yake ni kile kinachodaiwa kuwa. Mtu anapostaajabia pambo la mwigizaji akidhani ni la marehemu, hata kama mwelekezi alimtajia kwa sauti ya chini, sharti hilo limelegea.

Mjadala huu wote, hata hivyo, ungekuwa mwepesi zaidi kama Nairobi ingekuwa na nyumba ya pili ya kulinganisha. Nayo ilikuwepo. Joseph Murumbi alizaliwa mwaka 1911 Eldama Ravine, baba yake akiwa Mgoa na mama yake Mmaasai. Alisomea India, akashika ukatibu wa KAU, chama cha kupigania haki za Waafrika, viongozi wake walipokamatwa mwaka 1952, akaishi uhamishoni Uingereza karibu miaka kumi, na baada ya uhuru akawa Waziri wa Mambo ya Nje, kisha Makamu wa Rais kwa miezi michache ya mwaka 1966 kabla ya kujiuzulu. Kazi ya moyo wake ilikuwa kukusanya. Alikusanya vinyago, nguo, vito, silaha, stempu za Afrika na maelfu ya vitabu, vikiwemo vingi vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, yeye na Mmarekani Alan Donovan wakafungua mjini Nairobi jumba la sanaa la African Heritage, lililouza na kuonyesha kazi za bara zima wakati ambapo maduka mengi ya watalii yalijua kuuza twiga wa mbao tu.

Nyumba yake ilikuwa katika mtaa wa Muthaiga, na mikusanyo ilijaa humo. Katika miaka ya 1970 aliiuzia Serikali nyumba pamoja na sehemu kubwa ya mikusanyo hiyo kwa maelewano kwamba pale pangekuwa taasisi ya masomo ya Kiafrika yenye jina lake, watafiti wakilala na kusoma papo hapo. Taasisi hiyo haikupata kuwepo. Nyumba iliachwa ikachakaa, kiwanja kikaingia mikononi mwa wengine, na majengo yakabomolewa. Murumbi alikuwa hai bado, na aliishi hadi mwaka 1990 akijua.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo lawama inayoelekezwa Karen hukosea njia. Nyumba ya Blixen haikuchukua nafasi ya nyumba ya Murumbi, wala watalii hawakuibomoa ile ya Muthaiga. Iliyobomolewa ilibomolewa na sisi wenyewe, katika Kenya huru, kwa tamaa ya kiwanja. Tukiifunga Karen kesho, Muthaiga haitasimama tena, na Makumbusho yatakuwa yamepoteza chumo. Hivyo kwa swali la kama nyumba ya mlowezi ibaki wazi, nasimama na wanaoitetea. Kwa swali la namna inavyosimuliwa, nasimama na wakosoaji bila kusita: ziara ianzie shambani na iishie chumbani, majina ya waliolima yatafutwe na kuandikwa ukutani, na vifaa vya filamu viwekwe chumba chao peke yao pamoja na maelezo yao. Jambo hili halihitaji fedha nyingi. Linahitaji mtu wa kukaa na wazee wa Dagoretti akiwa na kinasa sauti.

Upande wa mgeni nao una lake. Ratiba ya kawaida ya siku moja humfikisha kwa watoto wa ndovu, kwa twiga, kisha Karen, akarudi hotelini bila kukanyaga katikati ya mji, ambako mabaki ya Murumbi yamehifadhiwa. Sehemu moja imo katika Makavazi ya Kitaifa, yaani hifadhi ya nyaraka za nchi, Moi Avenue, ndani ya jengo lililokuwa benki enzi za ukoloni: ukumbi wa chini umejaa mikusanyo yake, na wenye kutafuta vivuli na wanafunzi wenye madaftari hukutana humo kwa kiingilio kidogo. Sehemu nyingine imo katika Nairobi Gallery, jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya Mkuu wa Mkoa, ambako zamani watu waliandikisha vizazi, ndoa na vifo, na ambako umbali wa barabara za nchi ulianzia kupimwa. Wapo watakaosema kwamba hayo yanatosha, kwamba vitu viko salama na nyumba ilikuwa kasha tu. Sikubaliani nao. Mkusanyo ukiwa katika nyumba ya mkusanyaji humwonyesha mgeni alivyoupanga, kipi alikitundika mbele ya kitanda na kipi alikificha kabatini, na hilo ndilo jambo pekee ambalo Karen inalo kwa wingi, na ambalo Makavazi, kwa uangalifu wao wote, hayawezi kulitoa.

Anayetaka kumtembelea Murumbi mwenyewe ashuke City Park, kando ya Limuru Road. Aliomba azikwe karibu na rafiki yake, mwanasiasa Pio Gama Pinto, aliyeuawa kwa risasi Februari 1965, na ndivyo ilivyofanywa. Mkewe Sheila naye yupo hapo, na kuzunguka makaburi yamesimamishwa masanamu ya mawe na chuma ya wasanii wa Afrika Mashariki, mfano wa yale aliyoyapenda. Hakuna vyumba vya kupitia. Nyani wadogo wa bustani hurukaruka juu ya masanamu, na Muthaiga iko jirani, mwendo mfupi tu kwa miguu.