Kijiko cha mzee wa friji

Mimi ni baba wa mtoto mmoja na madeni 4, na kati ya hao 5 anayenitoa jasho zaidi ni mtoto, maana madeni angalau usiku yanalala. Lile la kwenye simu tu ndo halilali, lenyewe hata saa 9 usiku utasikia meseji imeingia, ndugu mteja tunakukumbusha, utadhani kuna mtu kasahau.

Mtoto nyumbani tunamwita Madam. Ana miaka 4, mwembamba lakini haumwi, anakimbia kutwa nzima sijui kwa mafuta gani maana tumboni haingii kitu. Madam anakula vitu vyeupe. Wali mweupe, mkate ukishatolewa ganda, tambi zisizoguswa na chochote, na yai, ila ute tu, kiini anakitoa kwa kidole anakiweka pembeni ya sahani kama mtu aliyekuta sisimizi. Na kabla ya kula lazima akague. Anashika punje moja ya wali kwa vidole viwili, anaiinua kwenye mwanga wa dirisha, anafumba jicho moja, wewe mzazi umesimama hapo na kijiko chako unasubiri majibu kama uko maabara. Kuna siku aligomea sahani nzima akasema wali unanuka karoti. Karoti ilikuwa kwenye sahani yangu mimi, upande wa pili wa meza.

Enzi hela ipo hayo yalikuwa mambo ya kuchekesha wageni. Akikataa hiki unampa kile, maisha yanaendelea. Afu mama yake akapunguziwa siku za kazi, mimi mshahara ukaanza kuja vipande vipande, tukaanza kuungaunga, na anayeungaunga hachelewi kukopa. Deni la kwanza likawa mkopo wa kwenye simu, ule wa kausha damu, unachukua kidogo unarudi kuangalia unakuta kidogo kimeshazaa. La pili dukani, ambako jina langu kwenye daftari limeshahamia ukurasa wa pili. La tatu dada yangu, yeye hadai, anauliza tu "mnaendeleaje?" kwa sauti fulani hivi. Na la 4 ni friji.

Hapo kwenye friji naomba nijieleze, maana kila nikisimulia watu wanacheka, eti mtu huna chakula unanunua friji. Jamani hesabu yangu ilikuwa safi kabisa. Maharage makavu ni bei ya chini kuliko karibu kila kitu chenye protini, ukiyaloweka usiku kucha yanaiva haraka, unapika sufuria kubwa mara moja unaokoa moto, kiasi unagandisha, maana yaliyopikwa bila kugandishwa siku 3 au 4 yanatosha, zaidi ya hapo yanaanza kukushtaki kwa majirani. Basi kuna mzee mmoja anauza vitu vilivyotumika, akanipa friji mali kauli, hakuna riba, hakuna karatasi, tumeshikana mkono tu, utanilipa kidogo kidogo kijana wangu. Nikaileta nyumbani, nikachomeka, ikawaka, ndani ina taa nzuri sana. Inamulika sufuria ya maharage na chupa ya maji.

Kasoro ikawa moja tu. Nilichukua maharage mekundu kwa sababu ndo yalikuwa na nafuu, nikasahau nani anakwenda kuyala.

Nikaenda kumlalamikia nesi kliniki. Nesi wala hakushtuka. Akasema mtoto mwaka wa kwanza anafikisha kama mara 3 ya uzito aliozaliwa nao, ila mwaka wa pili anaongeza kilo 2 na kitu tu, kwa hiyo njaa yenyewe inapungua, sisi wazazi ndo tunabaki na vijiko vya mwaka wa kwanza. Na kuogopa chakula asichokizoea kwenye umri huu, kati ya miaka 2 na 6, ni kawaida kabisa. Akauliza, maziwa anakunywa kiasi gani, maana yakizidi kama nusu lita kwa siku mtoto anashiba maziwa hataki kingine. Nikamwambia nesi hilo usiwe na wasiwasi, madeni yameshatusaidia. Akasema basi endelea kumwekea tu, usimlazimishe wala usimhonge, mwingine mpaka akionje mara 10, hata 15, ndo akikubali.

Mara 15! Kichwani nikaona sahani 15, zote zimeandikwa kwenye daftari la dukani. Nikauliza, samahani nesi, hizo mara 14 za mwanzo nani analipa? Akanitazama. Akasema baba, sio sahani, weka maharage 2 pembeni ya wali, pika na nyanya au kamulia limao, vitamini C inasaidia madini ya chuma ya maharage yaingie mwilini vizuri, akiyakataa kula wewe. Basi nikawa mtu wa kula maharage 2 kila jioni. Siku nyingine siyali, nayarudisha. Kuna mawili yaliingia na kutoka kwenye ile friji mpaka nikawa nayajua kwa sura.

Sasa ile "usimhonge" ndo nilipoharibu.

Si unajua ule mchezo wa kulisha, kijiko cha bibi, kijiko cha babu? Jioni moja nimekaa na sahani ila akili haipo, nawaza nani alipwe kwanza. Wapo wanaosema anza na deni dogo, ukilimaliza unapata moyo, na wapo wanaosema anza na lenye riba kubwa kwa sababu ndo linalozaa. Mimi ni wa kundi la pili. Nawaza hayo huku nimeinua kijiko, mdomo ukatamka wenyewe: "Hiki cha wale wa simu."

Madam akageuka. "Wale wanaokuandikia usiku?"

"Ndo hao."

"Tukiwameza wanaondoka?"

"Wanaondoka."

Akafungua mdomo. Wali, na ndani yake maharage mawili niliyoyaponda yamejificha. Akameza, akatoa ulimi nikague.

Nakwambia mama yake alitoka chumbani mbio akidhani kuna mtu kaungua. Kuanzia hapo kila jioni ikawa ni kulipa madeni, vijiko 3 vya simu, vijiko 2 vya dukani, kijiko 1 cha shangazi, hicho kikubwa kwa sababu ya aibu, na mwisho kabisa vijiko 2 vya mzee wa friji. Shida ni kwamba tumbo la Madam linajaa kwa shangazi. Akimaliza pale anaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na mzee wa friji anarudi kwenye sufuria. Kila siku. Madam akiuliza "na huyu je?" namjibu huyo hana riba, atasubiri. Nimesema hivyo wiki 3 mfululizo, na mtoto wa miaka 4 hasahau kitu isipokuwa viatu vyake.

Na kwenye hela halisi ilikuwa hivyo hivyo. Mwisho wa mwezi nikapunguza simu, nikapunguza dukani, nikamtumia dada chochote kitu. Mzee wa friji alipopiga nikamwambia mzee wangu mwezi huu umekaa vibaya, Mungu ni shahidi sijamlipa mtu hata mmoja.

Jumamosi, hodi.

Najua unachosubiri, unadhani nilimtuma mtoto akaseme baba hayupo. Hiyo janja imezeeka, na isitoshe nilikuwa nimekaa hapo hapo mlangoni nachambua maharage, kanikuta laivu. Shikamoo mzee, marahaba, karibu, asante, akaingia akakaa. Mzee mwenyewe mpole, anavaa kofia, anaongea taratibu, na hao ndo wabaya, maana anayefoka utafoka naye mtamalizana. Akasema sikuja kugombana kijana wangu, nilikuwa napita tu. Nikaanza ngonjera yangu, unajua mzee hali, unajua mzee kazi, nimefika patamu kabisa pa "ningekuwa nimemlipa hata mmoja ungekuwa wewe", Madam huyo katokea.

Shikamoo babu. Afu akasimama mbele yake akaanza kumkagua kama anavyokagua wali, jicho moja kafumba.

"Baba, ndo huyu wa friji?"

"Ndo yeye mwanangu, nenda kacheze."

"Huyu tusiyemmeza?"

Mzee akainamisha sikio. "Tusiyem nini?"

"Babu, wewe huwa unarudi kwenye sufuria."

Nikacheka kicheko kimoja kirefu kisicho na mwenzake, nikasema watoto wa siku hizi mzee, katuni zimewaharibu. Madam hakupenda kuitwa mwongo. Akatoa vidole akaanza kumhesabia, "Wa simu tunammeza, wa dukani tunammeza, shangazi tunammeza kijiko kikubwa, na baba kawalipa wote mwisho wa mwezi. Wewe amesema huna riba, utasubiri." Kwa mpangilio kabisa, mhasibu asingeweza.

Kimya. Friji ikaunguruma. Kwa nini isiungurume, mwenye nayo kaja.

Mzee akavua kofia akaiweka gotini. Hakunifokea, wala hakunitazama, alimuuliza Madam, "Na vijiko vyangu ni vingapi?" Viwili. "Viko wapi?" Kwenye friji. Akainuka, akaenda akaifungua, taa ikawaka, akasimama pale anaangalia sufuria na chupa ya maji muda mrefu mpaka nikatamani kumwambia afunge baridi inatoka, ila friji yake, namwambiaje?

"Pasha hayo," akasema. "Leo nitajimeza mwenyewe."

Nikapasha. Akakaa chini na Madam, sahani moja katikati yao. Akachota kijiko cha kwanza, maharage yenyewe mekundu, hayajapondwa hayajafichwa, akatafuna polepole kafumba macho. Hakumwambia mtoto kula. Hata kumwangalia hakumwangalia. Akachota cha pili. Madam kamkazia macho kooni, anafuatilia kile kidude cha koo kinavyopanda na kushuka. Afu akanyoosha mkono, akaokota haragwe moja kwa vidole viwili, akaliinua dirishani, jicho moja kafumba, mimi nimeshika fremu ya mlango pumzi nimeibana, akalizungusha, akalinusa, akalitia mdomoni. Akatafuna. Akaokota lingine.

Machozi yalinilenga kwa sababu mbili. Ya kwanza mwanangu anakula maharage. Ya pili mzee hakuishia vijiko 2, alidai na malimbikizo. Alisema wiki 3, kila siku vijiko 2, hivyo ni 42, na akaanza kuvihesabu kwa sauti na Madam anamsaidia, anaruka 14 kila raundi kwa hiyo kuna vingine mzee alivila mara mbili. Ile sufuria ilikuwa itufikishe Jumanne. Maharage ya mkopo, kutoka kwenye friji ya mkopo, yanaliwa na aliyekopesha, na mimi nimesimama na mwiko wangu nawaza Jumatatu nitaingia dukani na sura gani.

Wakati anaondoka akafuta mdomo, akavaa kofia, akaninong'oneza mlangoni mtoto asisikie, "Sina riba, nitasubiri, eti? Mwisho wa mwezi mimi ndo kijiko cha kwanza, kabla ya hao wa simu." Nikasema sawa mzee wangu. Ningesema nini.

Jumapili jioni nikatenga sahani, maharage yako wazi kabisa hata aibu hayana, mimi na mama yake tumekaa kama tunaangalia fainali. Madam akafunga mikono kifuani.

"Babu wa friji yuko wapi?"

Yuko kwake.

"Sili mpaka aje."

Tukajaribu kijiko cha simu, akasema hao walishaondoka. (Hawajaondoka, saa 9 usiku walikuwepo.) Tukala sisi wenyewe mbele yake tumefumba macho kama mzee, akatuambia hatujui kutafuna. Mama yake akanitazama, akaitazama simu, akanitazama tena.

Basi nikafanya kitu ambacho sijawahi kusikia mtu mwenye deni amekifanya, nikashika simu nikampigia anayenidai, kwa hiari yangu, Jumapili usiku, kumwomba aje nyumbani. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita mara mbili ikakatwa, na wala sikumlaumu maana mimi namba yake nimeikata hivyo hivyo sijui mara ngapi, na kwa hesabu zake mtu kama mimi akipiga saa hizo anataka kuongezewa. Nikatuma meseji, "mzee sikopi, njoo tule". Nikiisoma sasa naona hata mimi nisingeiamini. Mara ya tatu akapokea yule dada wa kwenye mtandao, namba unayopiga haipatikani kwa sasa.

Madam kijiko kiko hewani, ananisubiri.

"Amesemaje?"

"Amesema hayupo."