Mchicha ndani ya wali? Ndiyo, na mimi nala

Mwaka wa 9 huu niko London, na kila nikipiga simu Tanga naulizwa, "Huko mnakula nini?" Wanasubiri niseme chipsi. Jumamosi nilikula wali wa nazi wenye kunde, nyama na mchicha, vyote sufuria moja, na aliyeupika hajawahi kukanyaga Afrika. Ni jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama mtu mzima kutoka Guyana, Amerika ya Kusini.

Wao huuita cook-up, na usiku wa kuamkia mwaka mpya ndio hasa wakati wake. Kunde zinalowekwa mapema. Nyama ya chumvi inachemshwa na maji yake yanamwagwa, la sivyo hailiki. Mkia wa nguruwe hakuutia, kwa ajili yangu; akatia kuku. Kisha kitunguu, thaimu, mchele, tui, na pilipili mbuzi nzima inayoelea juu. Ole wako uipasue kwa mwiko! Mchicha unakatwakatwa, unaingia mwishoni.

Wabongo wenzangu hapa nikiwasimulia wanakunja uso. Wali una sufuria yake, mboga ina yake. Mimi naona tunaringa tu. Nyumbani mchicha tumeufanya chakula cha tarehe mbaya, mshahara ukishakata. Kwenye shughuli zetu unakuta pilau na mlima wa nyama, jani hata moja huoni. Soko la Brixton, hapahapa London, mchicha huohuo unaitwa callaloo, na fungu lake ukilipigia hesabu ya shilingi, Tanga unapata karibu nusu kilo ya nyama.

Kwa hiyo vitu vya kupikia havinisumbui. Nazi ya kopo ipo, ingawa mama yangu haihesabu kuwa nazi. Ninachokikosa ni ile sahani iliyofunikwa kawa, mtoto anatumwa nayo kwa jirani kabla nyinyi hamjakaa kula. Hapa nilikaa miaka 4 bila kujua jina la mtu wa mlango wa pili. Huyu mama ndiye aliyeanza: aligonga, bakuli mkononi, limefunikwa kitambaa. Bakuli la watu halirudi tupu, nikalirudisha na vitumbua. Tangu hapo ananifundisha.

Mara ya kwanza nilipoupika niliharibu. Nilimimina tui la kopo zima juu ya maji ya kunde, ukawa bokoboko. Alifunua, akachungulia, akaniuliza kwani nani mgonjwa.

Safari hii alipika mwenyewe, ukakauka vizuri, hadi ukashika chini. Ukoko! Wao huuita bun-bun, na kumbe kwao pia watoto huugombania. Aliukwangua kwa mwiko, akaukata vipande viwili, akavitazama kwa makini, kile kikubwa akachukua yeye.