Steringi hafi, sawa, lakini jamani!

Nakubali, steringi hafi. Sheria hiyo tumekua nayo. Ila huyu John Wick sasa anatufanya watoto.

Filamu ya kwanza, ya 2014, nilimwelewa kabisa. Wamemwibia gari, wamemuulia kijibwa alichoachiwa na marehemu mkewe. Mtu ana uchungu wake. Ya pili akashonewa suti ya kuzuia risasi kule Roma, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Tangu siku hiyo, akimiminiwa risasi anainua koti usoni kama mtu anayejikinga manyunyu. Na kichwa je? Hakuna anayelenga kichwa! Yeye peke yake ndiye anayejua kichwa kiko wapi.

Mwisho wa ya tatu akapigwa risasi, akadondoka kutoka juu ya paa la hoteli, akijigonga njia nzima. Ya nne, ya 2023, huyo yuko jangwani anakimbiza watu kwa farasi. Halafu zile ngazi za Paris, vidato 222: anapanda, anabiringishwa mpaka chini, anasimama, anaanza upya. Mimi nikipandisha ndoo ya maji ghorofa ya pili tu, goti linalia.

Lakini walionimaliza ni wacheza disko wa Berlin. Watu wanakatana mashoka katikati yao, wao wanaendelea kunengua tu, maji yanawamwagikia. Hata mmoja hakuuliza "kuna nini?"

Dakika 169. Na mdogo wangu ananifokea niache maswali, namharibia picha.