Mafuta ghafi ya Ziwa Albert: nta si suala la kiasi peke yake

Mafuta ghafi ya Ziwa Albert, Uganda, huganda kwenye nyuzi 40 hivi za Selsiasi, kama mafuta ya nazi asubuhi ya baridi. Ndiyo maana bomba la EACOP (Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki), kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limebuniwa na tabaka la kutunza joto na nyaya za kupasha kwa umeme, mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50. Ukiuliza sababu utaambiwa "yana nta nyingi". Hilo ni nusu ya jibu.

Nta ni parafini, yaani minyororo ya kaboni 18 hivi na kuendelea. Minyororo iliyonyooka hujipanga kama kuni kwenye tita, ikatoa fuwele pana na bapa zinazoshikana. Yenye matawi au pete hutoa fuwele ndogondogo. Kadiri mnyororo unavyorefuka ndivyo fuwele zinavyoanza kujitenga mapema, mafuta yakiwa bado ya moto. Zikifika asilimia 2 hivi tu ya uzito, wavu wake unaweza kuyagandisha mafuta yote. Hiyo 98 iliyobaki ni kimiminika kilichonaswa.

Sehemu nyepesi za mafuta huiyeyusha nta. Gesi ikishatoka, kiyeyushi kimepungua, kwa hiyo sampuli iliyokaa wazi itaonekana mbaya kuliko mafuta yaliyoko kisimani.

Ubishi mkubwa uko kwenye asfaltini, zile chembe nzito zenye asili ya lami. Wapo wanaosema zinaharakisha mambo, kwa kuwa fuwele hupata viini vya kuanzia. Wengine wanasema zinasaidia: hujibandika kwenye fuwele na kuzizuia zisiungane. Vipimo vimeonesha yote mawili. Kinachoamua, nionavyo, ni resini, jamaa nyepesi za asfaltini zinazozizuia zisikusanyike: resini zikitosha kuzitawanya asfaltini, asfaltini hufanya kazi kama dawa ya kuzuia kuganda, resini zikipungua, asfaltini hukusanyika na faida hiyo hupotea. Kutaja asilimia ya asfaltini bila hali yake hakusaidii kitu.

Basi kwa nini kupasha, na si dawa? Dawa ni polima, yaani molekuli ndefu za kutengenezwa, ambazo minyororo yake lazima ilingane na urefu wa ile ya nta. Mchanganyiko wa mafuta ya Tilenga na Kingfisher, maeneo mawili ya uchimbaji ya Ziwa Albert, ukibadilika, kipimo cha jana huenda kisifae. Tena, dawa inayoshusha nyuzi za kuganda si lazima izuie utando wa nta kwenye kuta za bomba. Joto halichagui mnyororo, lakini linakula umeme kila siku, na halisamehe kupasha nusunusu: mafuta yaliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60 kisha yakapoa yanaweza kuganda mapema kuliko mwanzo, kwa sababu fuwele za minyororo mirefu hazikuyeyuka na zimebaki kuwa mbegu. Maabara inayotaka kufuta kumbukumbu hiyo hupasha sampuli hadi 80 au zaidi, kisha huipoza ikiinamisha chupa kila nyuzi 3 kuona kama bado inatiririka.