Viazi vya kwenye mkaa vichemsheni kwanza, na foili wekeni pembeni

Jamani kuna kitu kinaniuma kila nikikaa karibu na jiko la mkaa. Nyama inaandaliwa tangu jana yake, inalazwa kwenye viungo, inageuzwa kwa mahesabu, halafu viazi vya kuisindikiza vinatupwa kwenye kona ya wavu dakika za mwisho, vibichi vilevile. Vinakuja mezani nje vyeusi, ndani vigumu, na watu wanaamua kwamba viazi na mkaa havipatani. Si kweli kabisa. Kiazi kilichochomwa vizuri kinaweza kumaliza sahani kabla ya nyama, ila kinataka kichemshwe kwanza. Mi kwenye hili sibadiliki.

Ni hivi, karibu asilimia 80 ya kiazi ni maji, na kingine kilichobaki kwa sehemu kubwa ni wanga. Ili kati paive pawe laini panatakiwa pafike kama nyuzi 95 hivi, na joto linaingia ndani ya kiazi taratibu sana. Huku nje kiazi kimekaa juu ya mkaa ambao unapita nyuzi 200 bila shida. Ngozi ikishakauka na kuvuka nyuzi 140 na kitu inaanza kupiga kahawia, muda si mrefu ni nyeusi, na kati bado kabisa. Sasa hapo hata uwe fundi vipi utageuza mpaka uchoke, kwa sababu unataka moto mmoja ufanye kazi mbili zisizolingana.

Kwa hiyo zigawe hizo kazi. Maji yaivishe, mkaa ulete rangi na harufu ya moshi. Kata viazi kwa urefu, unene wa sentimita moja na nusu hivi ili visidumbukie kwenye matundu ya wavu, viweke kwenye maji ya baridi (ukivitupa kwenye maji yanayochemka nje vitarojeka kabla ya ndani), tia chumvi kama kijiko kikubwa kwa kila lita, na siki kijiko kimoja. Hiyo siki watu wanaiona mbwembwe lakini ina kazi yake, asidi inachelewesha kuyeyuka kwa ile gundi ya asili inayoshikilia kiazi, pektini, ndo maana vipande vinaiva bila kumeguka. Maji yakianza kuchemka hesabu dakika sita mpaka nane, kisu kiingie ukisukuma kidogo. Kikiingia chenyewe umeshapitiliza.

Halafu chuja na UVIACHE. Wengi wanaharibu hapa, wanatoa kwenye maji wanabandika mkaani hapohapo. Viache vitoe mvuke kama dakika kumi mpaka juu paonekane pakavu na peupe, maana kiazi chenye maji juu hakipigi rangi, joto lote linaishia kukausha hayo maji. Vikikauka pakaza mafuta kwenye viazi vyenyewe, kidogo tu, yakidondokea kwenye mkaa yanawasha moto na masizi yote yanarudi kwenye chakula. Mkaa usogeze upande mmoja ili upate sehemu kali na sehemu ya upole. Vianze kwenye ukali, na usivibanduebandue, kiazi kikishapata ganda kinaachia wavu chenyewe, ukikivuta kabla unaacha nusu pale. Dakika nne tano kila upande, vikizidiwa sogeza kwenye upole.

Kuhusu foili najua nitagombana na watu. Ukifunga kiazi kwenye foili umekipika kwa mvuke, full stop, moshi haufiki na ganda halipo, bora ungebaki na sufuria. Halafu kuna hatari yake. Mwaka 1994 kule El Paso, Texas, watu 30 waliugua botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria inayopoozesha misuli, kwa sababu ya viazi vilivyookwa kwenye foili vikaachwa humohumo bila ubaridi siku kadhaa, kisha vikatumika kutengeneza sosi. Mbegu za yule bakteria zinakaa udongoni, joto la kuoka haziliogopi, na foili inazipa unyevu na inazuia hewa, ndicho wanachotaka. Kama lazima utumie, kula vikiwa vya moto au vifungue uvitie frijini mapema. Ukitaka kiazi kizima kifukie kwenye majivu ya moto na ganda lake, saa nzima au pungufu kidogo, kinatoka na utamu ambao foili haitakupa.

Vibichi visikae frijini lakini. Baridi inageuza wanga kuwa sukari, kiazi kinaungua haraka na kinatengeneza akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani, nyingi zaidi kikipigwa moto mkali. Pakavu, penye giza na ubaridi kiasi panatosha. Vilivyogeuka kijani na kuwa vichungu tupa, ile sumu yake, solanini, haitoki kwa kupika.

Na tafadhali, kitunguu saumu kisipande kwenye wavu, kinaungua sekunde chache na kuwa kichungu. Kisage, changanya na mafuta, limau, chumvi na majani unayopenda kwenye bakuli, viazi vikitoka motoni vimwage humo vikiwa bado vinafuka vinywe ile sosi.

Suala la nafasi, eti wavu umejaa nyama. Nyama ikiiva si inatakiwa ipumzike kama dakika kumi kabla ya kukatwa? Hapo wavu upo wazi na mkaa umetulia, joto limebaki zuri kabisa. Viazi vyako vimeshachemshwa tangu mchana, vimekauka vinasubiri, vibandike muda huohuo, nyama ikianza kukatwa navyo vinatoka.