Bodi Mpya au Lenzi Nzuri? Ziulize Picha Zako Zilizoharibika

"Nunua lenzi kwanza, bodi itafuata." Mwulize mpiga picha yeyote mzoefu kama fedha zako ziende kwenye lenzi nzuri au kwenye bodi mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi, atakujibu hivyo kabla hujamaliza swali. Nami nimelitoa jibu hilo mara nyingi, na kwa sehemu kubwa bado naliamini. Ila miaka ya karibuni limeanza kuvuja mahali pamoja.

Kwanza nguvu yake. Kamera nyingi za kuanzia zimekuwa zikiuzwa pamoja na lenzi ya milimita 18 hadi 55, ambayo ukiivuta hadi mwisho tundu lake la kupitisha mwanga halifunguki kupita f/5.6 (namba ya f ikipungua, tundu linapanuka). Itoe, weka ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo kwa kawaida ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini. Mwanga unaoingia unaongezeka karibu mara 10. Picha ya ukumbini uliyokuwa ukiipiga kwa ISO 6400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga), sasa unaipiga kwa ISO 640 hivi, kasi ya shata, yaani pazia linalofunguka kupokea mwanga, ikiwa ileile, na zile chembechembe zilizotapakaa usoni mwa mtu hazionekani tena. Sasa tazama upande wa pili: ukihama kutoka bodi yenye sensa ndogo ya APS-C (sensa ni kipande kinachopokea picha) kwenda yenye sensa kubwa iitwayo fremu kamili, eneo linalopokea mwanga linaongezeka mara 2 na kidogo tu. Na lenzi zako zilizotengenezwa kwa sensa ndogo haziwezi kuifunika ile kubwa yote, kwa hiyo umelipia bodi na bado unadaiwa lenzi.

Lakini huo mwanga mara 10 una masharti, na wanaoshabikia lenzi huyapita kimyakimya. Ukifungua tundu hadi f/1.8 na kumsogelea mtu, jicho linatoka kali na sikio linayeyuka. Kwa picha ya mtu mmoja hilo ni pambo. Wapange watu 8 katika safu mbili, uone safu ya nyuma inavyotoka na ukungu. Itabidi ufunge tundu, pengine hadi f/5.6 ileile uliyoikimbia, na faida yote imekwenda. Hapo sensa bora itakusaidia, au fleshi, ambayo katika ubishi huu hakuna anayeikumbuka.

Husemwa pia kwamba lenzi haizeeki. Kampuni ya Canon ilitoa lenzi ya EF 50mm f/1.8 II mwaka 1990, enzi za filamu, na leo bado inafanya kazi kwenye bodi zake mpya za EOS R kwa kutumia adapta, yaani pete ya kuunganishia. Bodi yake ya EOS 300D ya 2003, yenye megapikseli 6.3, ilitamaniwa sana wakati wake. Leo ni ya kabatini. Lakini kampuni hiyohiyo ilitoa mfumo wa EOS M mwaka 2012, na lenzi zake za EF-M hazikupewa adapta ya kuzifikisha kwenye EOS R. Kwa hiyo kabla ya kujaza mkoba lenzi, hakikisha mdomo wa kamera zinapofungwa bado una maisha mbele yake.

Mahali panapovuja ni fokasi, yaani kamera kulenga kitu kitoke kikali. Bodi nyingi za sasa hulitambua jicho la mtu, hata la ndege, na kulifuata linapohama. Bodi ya zamani yenye nukta 9 za fokasi zilizobanana katikati ya fremu haiwezi hilo. Ukiifungia lenzi ya f/1.8 na kumpiga mtoto anayekimbia, utapata picha mbovu nyingi kuliko mwanzo, maana eneo linaloonekana kali limekuwa jembamba na bodi hailipati. Kwa michezo, ndege na video, naiacha kanuni ya wazee: bodi kwanza. Kwa mandhari, bidhaa na watu waliotulia, sioni bodi mpya itakupa nini. Megapikseli 24 zinatosha kuchapa picha ya sentimita 50 kwa 34 ikiwa safi kabisa.

Kabla ya kulipa, fungua picha 50 za mwisho ambazo hukuzipenda, usome taarifa zilizohifadhiwa ndani yake. Nyingi zimepigwa kwa milimita 55 kisha ukazikata pembeni? Unahitaji lenzi ndefu. ISO iko juu na tundu limekwama f/5.6? Lenzi yenye tundu pana. Namba zote ziko sawa lakini kilichotoka kikali ni ukuta wa nyuma? Ikiwa ulilenga vizuri, hilo ni deni la bodi. Shata sehemu 1 ya 15 ya sekunde, kila kitu kimetikisika? Tafuta stendi ya miguu mitatu, hizo fedha nyingine zipumzike.

Anayetaka vyote viwili aangalie vilivyotumika. Bodi hushuka bei haraka toleo jipya likitoka, na hapo mnunuzi wa pili ndiye anayefaidi. Lenzi nzuri hushuka polepole, lakini nayo inafaa, mradi uimulike kwa tochi kutoka nyuma uone kama kuvu imeingia kwenye vioo.